Mpigapicha na Blogu Yake: Picha Huvuta Jicho, Uaminifu Huleta Mteja

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kwa miaka mingi mpigapicha wa mjini alitambulika kwa studio yake: kibao juu ya mlango, pazia lenye mandhari ya bahari au bustani, na kabati la kioo lililopangwa picha za maharusi na watoto wa kipaimara. Mpita njia aliyesimama kutazama kabati lile alikuwa ameshakaribia kuwa mteja. Leo simu ya mkononi imeweka kamera karibu katika kila mfuko, na anayehitaji kazi ya kitaalamu huanza kuitafuta mtandaoni. Swali linalomkabili mpigapicha, hususan kijana aliyejiajiri, ni mahali gani ataliweka kabati lake la kioo ili lionekane.

Jibu mojawapo ni blogu, yaani ukurasa wa mtandaoni unaomilikiwa na mtu au taasisi, ambamo picha na maandishi hupangwa kwa tarehe na kwa mada. Wapigapicha wengi hutegemea mitandao ya kijamii pekee. Mitandao hiyo ina manufaa yake, kwani huwafikia watu wengi kwa haraka. Hata hivyo, picha iliyowekwa huko leo hufunikwa na nyingine kesho, na akaunti ikidukuliwa au kufungwa, kazi ya miaka kadhaa hupotea pamoja nayo. Blogu hutunza kumbukumbu. Mtanzania aishiye Uingereza anayepanga harusi ya ndugu yake mjini Tanga anaweza kuandika maneno machache katika injini ya utafutaji na kukutana na kazi iliyofanyika miaka miwili iliyopita.

Nchini Tanzania upo mfano unaofahamika wa nguvu ya picha na blogu. Mwaka 2005, Muhidin Issa Michuzi, aliyekuwa mpigapicha wa gazeti la Daily News, alianzisha blogu iliyobeba jina lake. Aliweka humo picha za hafla, misiba, mikutano na maisha ya kila siku, zikiambatana na maelezo mafupi kwa Kiswahili. Watanzania waishio ughaibuni waliifuatilia ili kujua yanayojiri nyumbani. Ingawa blogu hiyo ilijikita katika habari zaidi kuliko kuuza huduma ya studio, inatoa mafunzo mawili kwa mfanyabiashara: kuchapisha kwa mfululizo bila kukatiza, na kutoiacha picha bila maelezo.

Maelezo ya picha ndiyo yanayosahaulika zaidi. Picha nzuri ya bibi harusi huonesha kwamba mpigapicha anajua kazi yake, lakini haimwelezi mteja kama alifika kwa wakati, aliikabidhi kazi baada ya siku ngapi, au alifanyaje mvua iliponyesha katikati ya sherehe. Mambo hayo ndiyo yanayomtia mteja wasiwasi, kwa kuwa harusi hairudiwi. Aya mbili zinazoeleza mahali, aina ya shughuli, changamoto iliyojitokeza na namna ilivyotatuliwa humjengea msomaji imani kuliko picha 50 zisizo na neno.

Aidha, maelezo hayo ndiyo yanayowezesha blogu kupatikana. Injini za utafutaji hutegemea kwa kiasi kikubwa maneno yanayoizunguka picha. Picha inayopakiwa ikiwa na jina la namba lililotolewa na kamera ni vigumu kupatikana. Ikiitwa "mahafali-chuo-morogoro" na kuwekewa kichwa cha habari kinacholingana, inampa anayetafuta huduma hiyo nafasi ya kuifikia. Mpigapicha ajiulize mteja wake angeandika maneno gani, kisha ayatumie maneno hayo kwa ukweli na bila kuyarudiarudia.

Jambo lingine ni ukubwa wa picha. Picha kutoka kamera ya kitaalamu huweza kuzidi megabaiti 10. Ukurasa wenye picha 20 za namna hiyo utamaliza bando la msomaji kabla haujafunguka, naye ataondoka. Inashauriwa nakala ya mtandaoni ipunguzwe hadi upana wa takribani pikseli 2,000 au chini ya hapo, na faili halisi litunzwe pembeni katika sehemu zaidi ya moja. Hatua hiyo pia hupunguza uwezekano wa mtu mwingine kuichukua picha na kuichapa kwa ukubwa bila ridhaa.

Mpigapicha anapaswa pia kuzifahamu haki zake na za wengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi za picha, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) hutoa huduma ya usajili wa kazi hizo na elimu kwa wabunifu. Hata hivyo, kuwa mbunifu wa picha hakumaanishi kuwa na uhuru wa kumtangaza kila aliyemo ndani yake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya mtu kuheshimiwa faragha yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka misingi ya namna taarifa za mtu zinavyokusanywa na kutumika.

Katika suala hili mpigapicha anaweza kuipoteza heshima aliyoijenga kwa miaka mingi. Familia imemlipa ili aihifadhi siku yake, na si lazima iwe imekubali sura zake ziwe tangazo la biashara. Bibi harusi anayeikuta picha yake mtandaoni bila kuulizwa hatazingatia uzuri wa mwanga. Atajiona amesalitiwa, na ndugu zake watayasikia hayo kabla ya yeyote. Njia salama ni kuweka kipengele cha ridhaa katika makubaliano ya maandishi tangu siku ya kupokea malipo ya awali, kikieleza picha zipi zitachapishwa, wapi, na namna mteja anavyoweza kuomba ziondolewe. Mteja akikataa, ahudumiwe kwa kiwango kilekile.

Uangalifu uongezeke maradufu kwa watoto. Ridhaa ya mzazi au mlezi itafutwe kwanza, na jina la mtoto pamoja na shule anayosoma visitajwe. Vilevile, simu na baadhi ya kamera huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Taarifa hizo ziondolewe kabla ya kuchapisha, kwani zinaweza kumwelekeza mtu asiyejulikana hadi kwenye makazi ya familia.

Kwa upande wa taratibu za biashara, blogu haiondoi wajibu wa kisheria. Jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kupitia mfumo wa mtandaoni. Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi hutolewa bila malipo na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Na leseni ya biashara hupatikana kulingana na aina ya shughuli. Iwapo mpigapicha atataka kuchapisha habari na matukio badala ya kutangaza huduma zake pekee, apate kwanza ufafanuzi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu masharti ya maudhui ya mtandaoni. Anayetumia ndege nyuki kupiga picha za angani azingatie vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Kijana asiye na mtaji wa vifaa anaweza kujiunga na wenzake katika kikundi na kufuatilia, kupitia Ofisi ya Maendeleo ya Jamii katika halmashauri yake, utaratibu wa mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hulenga wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Kuanza hakuhitaji makubwa. Kazi 10 zilizochaguliwa kwa makini, kila moja ikiwa na ridhaa na maelezo, huduma zinazotolewa, bei ya kuanzia, eneo na namba ya simu inayopokelewa, zinatosha kufungua ukurasa. Baada ya hapo, kazi moja mpya kila wiki au kila wiki mbili itauweka hai. Mteja anayetazama kabati hili jipya la kioo hamwoni mwenye duka. Kinachomshawishi kupiga simu ni namna alivyowaheshimu wale waliomtangulia.