Jinsi ya kulinda milango ya gari na kuta za banda kwa gharama nafuu

Na Mwandishi Wetu

WAMILIKI wa magari jijini Dar es Salaam huwa na hadhari kubwa wawapo barabarani, wakichelea daladala, bajaji na pikipiki zinazopenya pembezoni mwao. Gari likishaingia nyumbani na geti kufungwa, hadhari hiyo huwekwa kando. Mlango hufunguliwa kwa haraka, mtoto wa kiti cha nyuma huusukuma wa kwake kwa mguu, na ukingo wa chuma hugonga ukuta. Siku ya kwanza hubaki alama ndogo isiyoonekana kwa mbali. Baada ya mwaka mmoja, rangi ya mlango imekwisha katika ukingo wote na lipu ya ukuta imechimbika kama iliyodonolewa na kuku.

Makala haya yanahusu banda la gari la nyumbani, ambalo baadhi ya watu huliita gereji, ingawa kwetu neno hilo limezoeleka zaidi kwa karakana ya mafundi. Jambo linaloelezwa hapa si la kifahari. Kinga ya kutosha yaweza kupatikana kwa vitu ambavyo fundi pancha hutupa, mradi mwenye gari ajue kwanza mlango wake unagonga wapi.

Yafaa kufahamu kwa nini mgongano mdogo namna hiyo huleta hasara. Rangi ya gari, ukijumlisha tabaka zake zote kuanzia ile ya kuzuia kutu hadi ile angavu ya juu, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi ya hapo kidogo. Lipu ya ukuta ni mchanga uliogandishwa kwa saruji, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko rangi yoyote. Zaidi ya hayo, mlango haugongi kwa ubavu wake mpana bali kwa ukingo mwembamba, hivyo nguvu yote ya msukumo huangukia mahali padogo mno. Rangi inapobanduka hadi kwenye bati, hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi humaliza kazi iliyobaki. Kwa mkazi wa Tanga, Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam, mkwaruzo uliofika kwenye chuma si suala la sura ya gari tena, ni kutu iliyokwisha kuanza.

Kurekebisha nako si rahisi kama inavyodhaniwa. Rangi ya gari lililokaa juani miaka kadhaa hupauka, na rangi mpya ya namba ileile haiwezi kulingana nayo barabara. Ndiyo maana mteja aliyepeleka gari kwa fundi wa bodi kwa ajili ya alama yenye urefu wa kidole huambiwa kwamba mlango mzima sharti upakwe upya. Fundi huyo hadanganyi.

Chanzo cha tatizo ni vipimo. Mabanda katika nyumba za zamani, kama zile za Oysterbay na Upanga, yalijengwa wakati magari yalikuwa membamba. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilikuwa na upana wa takriban mita 1.54. Magari mengi madogo yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani hayazidi mita 1.70, kwa sababu sheria za huko huyaweka magari yaliyo ndani ya kipimo hicho katika daraja la magari madogo. Toyota IST ya toleo la kwanza, kwa mfano, ina mita 1.695. Lakini familia inapopanda daraja na kununua Toyota Prado ya toleo lililotoka mwaka 2009, upana huwa mita 1.885, bila kuhesabu vioo vya pembeni. Gari limenenepa, banda ni lilelile.

Tuchukue banda lenye upana wa mita 2.70 kwa ndani, yaani karibu futi 9. IST ikiwekwa katikati, kila upande hubaki nusu mita. Prado ikiwekwa katikati, kila upande hubaki sentimeta 40 tu, na mtu mzima huhitaji karibu sentimeta 60 ili ashuke bila kujikunja. Jibu ni kutoliweka gari katikati. Likisogezwa hadi sentimeta 15 kutoka ukuta wa kushoto, upande wa dereva hupata zaidi ya sentimeta 66. Kwa kuwa magari yetu yana usukani kulia, dereva anayeingia kwa mbele anapaswa kubana kushoto. Anayeingia kinyumenyume ageuze hesabu hiyo, maana mlango wake sasa utaelekea ukuta wa pili. Wapo wanaoweka kinga ukuta mmoja, kisha wakabadili namna ya kuingiza gari na kushangaa mikwaruzo inaendelea.

Abiria washuke nje kabla gari halijaingia bandani. Hatua hii haigharimu hata senti, na ninaamini ndiyo yenye manufaa kuliko zote zitakazofuata, ingawa wakati wa mvua hakuna atakayeitii. Kwa watoto, karibu kila gari la milango minne lina kitufe kidogo katika ukingo wa mlango wa nyuma kinachozuia usifunguliwe kwa ndani. Kiwashwe.

Dereva naye asaidiwe kuegesha mahali palepale kila siku. Njia ya kale bado inafanya kazi: gari likishawekwa sawasawa, funga mpira mdogo kwenye kamba, uuning'inize kutoka darini hadi uguse kioo cha mbele mkabala na usukani. Siku nyingine dereva atasonga mpaka mpira uguse kioo, kisha asimame. Mstari wa rangi sakafuni, upande wa magurudumu ya kushoto, utamwonyesha amebana kiasi gani.

Kuna jambo moja ndani ya mlango wenyewe ambalo husahauliwa. Karibu na bawaba kipo kipande cha chuma kinachoufanya mlango usimame kwa hatua, nusu na kisha wote. Katika magari ya zamani kipande hicho huchakaa, mlango ukawa hausimami nusu bali hujiachia hadi mwisho. Sakafu ya banda ikiwa na mteremko wa kutolea maji, mlango huo hujigonga wenyewe ukutani. Kukibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi, na pasipo kufanya hivyo kinga ya ukutani itapigwa kwa nguvu kila siku hadi ichakae.

Kabla ya kununua chochote, paka chaki kwenye ukingo wa kila mlango, kisha uufungue taratibu hadi uguse ukuta. Alama itakayobaki ukutani ndiyo ramani ya kazi. Kama nyumba ina magari mawili, fanya hivyo kwa yote mawili, kwa sababu mlango wa gari refu hugonga juu zaidi. Mara nyingi ukanda wenye kimo cha sentimeta 30 hivi hutosha kwa gari moja. Hakuna haja ya kuvika ukuta mzima.

Ama kuhusu vifaa, cha bei ndogo kabisa ni tyubu kuukuu ya lori kutoka kwa fundi pancha. Hupasuliwa kwa urefu, ikaoshwa kwa sabuni na kukunjwa mara mbili au tatu. Tairi pia hufaa, lakini kwa uangalifu. Tairi za kisasa zina nyuzi za chuma chini ya kashata zake, na nyuzi hizo zikichomoza mahali palipokatwa zitakwaruza gari kuliko ukuta wenyewe. Ubavu wa tairi la gari dogo kwa kawaida umefumwa kwa nyuzi za nguo na hukatika kwa kisu kikali. Tairi la lori laweza kuwa na chuma hata ubavuni. Mafundi wanaotengeneza makatambuga wanazijua tofauti hizi vizuri, na ni busara kumwomba mmoja wao akukatie vipande badala ya kuhangaika mwenyewe na kujikata vidole.

Raba nyeusi ina kasoro yake: ikigusana na rangi nyeupe kwa muda mrefu huacha doa ambalo sabuni haiondoi. Hivyo juu yake pigiliwa kipande cha zulia la mtumba. Zulia peke yake, bila kitu laini nyuma yake, halizuii mlango kubonyea, ila hupunguza mikwaruzo.

Wengi hukimbilia sponji ya godoro bovu. Ni laini, lakini hunywa maji kama chachandu. Gari likiingia limelowa, sponji hubaki na unyevu, huota ukungu, na panya huifanya makazi. Afadhali mikeka ya sponji ngumu ambayo watoto huchezea, au mabaki ya raba inayochongwa kuwa soli za ndala. Kuzitofautisha ni rahisi: tumbukiza kipande ndani ya ndoo, kisha ukikamue. Kisichotoa maji ndicho cha kuchukua. Unene wa sentimeta 2 hadi 3 watosha, kwani ukizidi utakula nafasi ileile unayoihangaikia.

Gundi pekee haishauriwi. Hushika rangi ya ukuta, siyo ukuta, na rangi ya maji au chokaa ikibanduka kila kitu huanguka. Kuta za pwani zenye kutoa chumvi ndizo mbaya zaidi. Njia imara ni kupigilia papi mbili za mbao kwa misumari ya zege, moja juu na nyingine chini ya alama za chaki, kisha raba ivutwe na kupigiliwa kati yake. Nafasi inayobaki nyuma huruhusu ukuta kupumua, na raba hupata mahali pa kunesa. Vichwa vya misumari vikae juu au chini ya mahali mlango unapogonga, kamwe visiwe katikati. Papi zisiguse sakafu, nazo zipakwe dawa ya mchwa ya dukani. Oili chafu ambayo maseremala wengine hutumia haifai hapa, kwa kuwa huchafua gari na kuongeza kitu cha kuwaka.

Suala hilo la moto lisipuuzwe. Sponji na raba huwaka upesi, na moshi wake una sumu inayoweza kuua kabla miale haijamfikia mtu. Banda ambalo pia ni stoo ya jenereta, madumu ya petroli, mtungi wa gesi au jiko la mkaa halipaswi kuvikwa vitu hivi, hasa likiwa limeshikana na chumba cha kulala. Ama vitu hivyo vihamishwe, au mwenye nyumba aridhike na papi mbili za mbao zilizofunikwa kwa zulia jembamba. Ukanda wa kinga pia usipite juu ya soketi ya umeme.

Zipo raba nyembamba zinazouzwa na wachuuzi na maduka ya vipuri, ambazo huvishwa kwenye ukingo wa mlango. Zinasaidia hata kwenye maegesho ya mjini, pasipo na ukuta wako. Lakini mchanga na maji hujificha chini yake, na kutu huanza bila kuonekana. Anayezitumia azivue na kusafisha ukingo mara kwa mara.

Nguzo za mlangoni na geti lenyewe huhitaji kinga kuliko kuta, kwa sababu huko gari hupita likiwa katika mwendo. Tyubu ikizungushiwa kwenye kona ya nguzo hutosha. Kila bawa la geti la chuma liwe na kulabu ya kulizuia, maana upepo wa kusi huweza kulirudisha ubavuni mwa gari kwa kishindo.

Mpangaji ambaye hana ruhusa ya kutoboa ukuta anaweza kupigilia raba kwenye fremu ya mbao inayosimama yenyewe, ikaegemezwa ukutani na kuzuiwa chini kwa tofali mbili. Siku ya kuhama huibeba pamoja na vyombo vingine.