Je, Wajua? Ua la Tanga Lililoenea Duniani
Sentpolia, ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani, asili yake ni Tanga na milima ya Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona huko, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza tamka "sentpolia"; la pili lisome kama lilivyoandikwa.

Porini huota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, kwa hiyo jua kali la pwani hulichoma. Nyumbani, liweke barazani, mwagilia udongo, usilowanishe majani. Tafadhali usiling'oe msituni! Jani moja lenye kikonyo, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, huotesha mche mpya.