Watani wa Kamera

Ndugu msomaji, utani wa Simba na Yanga waujua hata kama hujafika Dar es Salaam. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na makao ya Yanga yako pale Mtaa wa Twiga ukutanapo na Jangwani. Mtu hutoka huku akaenda kule kwa miguu. Lakini katika mji huo huo uko utani mwingine ambao hauna refa wala dakika tisini. Ni utani wa wapiga picha, na chanzo chake ni aina ya kamera.

Mwenye Canon humwambia mwenye Nikon: “Kamera yako ngumu kama jiwe la kusagia, lakini maharusi wote wawapa homa ya manjano!” Naye hujibiwa: “Na wewe wawapaka watu wekundu wasiozaliwa nao.” Akipita mwenye Sony, wote wawili humgeukia: “Huyu abeba betri nyingi kuliko picha.” Watu hucheka, kazi yaendelea.

Hata rangi zao zafanana na za mpira. Mkanda wa shingoni wa Canon una nyekundu na nyeupe, kama Simba. Wa Nikon una njano, kama Yanga. Tena asili zao zafanana. Yanga ilianza mwaka 1935, na Simba ikazaliwa 1936 baada ya wenzao wengine kujitenga. Mwaka huo huo wa 1936, huko Japani, ilitoka kamera ya kwanza ya Canon kuuzwa madukani. Je, lenzi yake, yaani jicho lake, ilitengenezwa na nani? Na Nippon Kogaku, kampuni iliyoanza mwaka 1917, ambayo leo twaiita Nikon! Na siku hizi Nikon imetumia katika kamera zake kadhaa kile kifaa cha ndani kinachopokea mwanga, kilichotengenezwa na Sony. Basi wanaochekana wametumiliana viungo tangu zamani.

Kwa nini basi kila mtu ang’ang’anie yake? Sababu kubwa ni fedha. Lenzi ya Canon haiingii katika kamera ya Nikon. Mtu aliyekwisha kununua lenzi mbili tatu amefungwa. Akihama, hana budi kununua zote upya. Mwaka 1987 Canon ilibadili namna ya kufunga lenzi, na wenye lenzi za zamani wakaona hazikubali katika kamera mpya. Mtu aliyetoa fedha nyingi hataki kuambiwa kwamba amekosea kuchagua. Kwa hiyo husifu chake, na huona kasoro za mwenzake tu.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo utani waweza kugeuka kuwa hasara. Kijana atauza mbuzi wa nyumbani, au atakopa, ili apate kamera yenye jina tu. Na siku ya ndoa wapiga picha wawili watapuuzana badala ya kusaidiana, na bibi harusi atakosa picha ya mama yake akimkumbatia. Siku hiyo hairudi tena.

Mkumbuke Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alianza utotoni na Box Brownie, kamera rahisi ya Kodak. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia nzima, na misaada ikamiminika. Waliolia mbele ya picha zile hawakuuliza jina la kamera.

Wazee wetu walijua mpaka wa utani. Mtani hukutukana mchana kutwa, lakini ukifiwa ndiye wa kwanza kuja kushika jembe. Wapiga picha wema hufanya vivyo hivyo. Lenzi haiazimiki kwa mwenye kamera ya aina nyingine, lakini kadi ndogo ya kuhifadhia picha mara nyingi yaingia kote, na stendi ya miguu mitatu yazikubali karibu zote. Kadi ya mwenzako ikijaa katikati ya arusi, mpe yako. Utamcheka kesho.

Nawe uliye kijijini, unapotafuta mpiga picha wa ndoa au wa Komunyo ya Kwanza, usimwulize, “Una kamera gani?” Mwambie akuonyeshe picha alizopiga ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu, uone kama nyuso zatambulikana. Na mwanao akiomba fedha za kamera, mwulize kwanza mambo matatu: Je, umekwisha jifunza kwa kamera ya kuazima? Je, wenzako utakaofanya nao kazi wana aina gani, mpate kuazimana lenzi? Je, ikiharibika, nani karibu aweza kuitengeneza? Akijibu vizuri, msaidie. Akijibu kwa jina la kamera peke yake, mwache mbuzi zizini kwanza.