Mwenye kufuga nyoka ndiye alipe

Ndugu wafanyakazi, nyoka tunamujua sisi. Mu majani kando ya shimo tunakutana na swila, siku ingine koboko, na hakuna mtu wa kuuliza huyu nyoka ni wa nani. Kumbe ku Uingereza kuna watu wanaowanunua, wanawalaza ndani ya nyumba mu sanduku la kioo. Kila mtu na raha yake.

Lakini sheria haikuwaacha hivi hivi. Tangu 1976 mtu hawezi kufuga swila, koboko ao kifutu kwake bila ruhusa ya komini. (Chatu hana sumu, yeye hayuko mu orodha.) Daktari wa wanyama anakuja kukagua nyumba, na gharama analipishwa mwenye kuomba. Sanduku lifungwe vizuri, nyoka asitoroke. Akikamatwa bila ruhusa, komini inaweza kumunyanganya nyoka wake bila kumulipa hata likuta moja.

Kile kinatugusa sisi wa sendika ni asiransi. Mwenye nyoka lazima awe nayo juu ya watu wengine, maana jirani akiumwa, fidia itoke.

Kwetu mu mine anayeleta hatari ni mupatroni: baruti, asidi, malori. Na mara ngapi tunasikia aliyeumia ndiye hakuwa muangalifu? Siku tutakaa na wakubwa kuzungumza mukataba, tuwaulize: asiransi ya wale wanaokaa kando ya barabara ya malori iko wapi?