Kigeuzi cha sauti cha USB kimenyamaza? Usikitupe kabla ya kukipima

Kompyuta zilizokwisha kutumika, zinazofika kwenye shule na vikundi vya wasikilizaji vijijini, mara nyingi huja na tundu la hedifoni lililoharibika. Dawa yake ya bei nafuu ni kigeuzi cha sauti cha USB: kifaa kidogo kama kidole gumba, upande mmoja kina pini ya USB na upande wa pili tundu la hedifoni au spika.

Shida huanza pale kinapochomekwa kwenye kompyuta ya Linux na kukaa kimya. Mwenye nacho hudhani kimekufa, hukitupa na kutoa fedha kununua kingine, ambacho nacho kinanyamaza vilevile. Huenda kifaa ni kizima, ila kompyuta inapeleka sauti kwingine. Hapa tunaeleza jinsi ya kujua tatizo liko wapi, hatua kwa hatua.

Kinafanya kazi gani?

Kipindi kilichohifadhiwa kwenye kompyuta au simu ni namba tupu. Sauti ya CD, kwa mfano, hupimwa mara 44,100 kila sekunde na kila kipimo huandikwa kama namba. Spika haielewi namba. Inataka umeme unaopanda na kushuka. Kigeuzi ndiye mkalimani kati ya viwili hivyo.

Vigeuzi vingi hufuata kanuni moja ya sauti za USB, na Linux ina draiva ya kanuni hiyo ndani yake. Kwa hiyo ile CD ya draiva ya Windows inayokuja kwenye boksi huihitaji.

Kwanza: kijaribu kwenye simu

Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014 inaweza kutumia sauti za USB. Chomeka kigeuzi kwenye simu kwa kutumia kiunganishi cha OTG, kisha cheza wimbo. Ukisikia sauti, kigeuzi ni kizima; tafuta kosa kwenye kompyuta. Usiposikia, usikihukumu bado. Simu nyingine hazina OTG, na nyingine hutaka uiwashe kwanza kwenye mipangilio.

Tahadhari moja: baadhi ya vigeuzi vya USB-C vya simu havina chipu ndani, ni nyaya tu. Hivyo hufanya kazi kwenye simu chache zilizotengenezwa kwa ajili yake, na kwenye kompyuta havitatoa sauti hata ufanye nini.

Pili: je, kompyuta inakiona?

Fungua terminali, andika lsusb na ubonyeze Enter. Utaona orodha ya vifaa. Chomeka kigeuzi, kisha rudia amri hiyo. Mstari mpya ukiongezeka, kompyuta imekiona. Usipoongezeka, jaribu tundu jingine la USB, na kama ulipitisha kwenye kigawanyio cha USB, kitoe. Kama kuna kebo katikati, ibadilishe, maana kebo nyingine ni za kuchajia tu na hazina nyaya za kupitisha data.

Sasa andika aplay -l (herufi ya mwisho ni L ndogo). Orodha hii huonyesha vifaa vya kutoa sauti, kila kimoja na namba yake ya kadi. Kama kigeuzi kilionekana kwa lsusb lakini hapa hakipo, andika sudo dmesg | tail usome ujumbe wa mwisho wa mfumo. Neno disconnect likijirudia, kigeuzi kinakatika kila mara: huenda tundu limelegea au umeme hautoshi.

Tatu: sauti inaelekezwa wapi?

Fungua mipangilio ya sauti na utazame sehemu ya kutolea sauti. Huenda kompyuta bado imechagua spika zake za ndani, au waya wa HDMI wa skrini. Chagua kifaa chenye neno USB.

Kisha rudi kwenye terminali, andika alsamixer. Bonyeza F6 na uchague kigeuzi chako. Chini ya nguzo ya sauti, herufi MM zina maana kwamba imefungwa. Bonyeza M ifunguke. Pandisha sauti kwa mshale wa juu, na utoke kwa Esc.

Nne: kipime chenyewe

Vua hedifoni masikioni kwanza, sauti isije ikakuumiza. Kama kigeuzi ni kadi namba 1, andika:

speaker-test -D plughw:1,0 -c 2 -t wav

Utasikia sauti ya Kiingereza ikitaja kushoto, kisha kulia. Simamisha kwa kubonyeza Ctrl pamoja na C. Ukiambiwa kifaa kinatumika, funga programu zote za muziki na urudie. Kama hapa kinasikika lakini kwenye programu yako hakisikiki, tatizo ni mipangilio ya programu hiyo. Zima na uwashe kompyuta, kisha chagua tena kifaa cha USB.

Kikivuma au kikikwaruza

Mvumo wa mfululizo unaweza kutoka kwenye chaja. Ichomoe kwa dakika moja, kompyuta itumie betri. Mvumo ukiisha, umempata mkosaji. Sauti ikikatikakatika, chomeka kigeuzi moja kwa moja kwenye kompyuta.

Wanaorekodi sauti watumie arecord -l kuona kama kigeuzi kina njia ya maikrofoni; si vyote vinayo. Pia hedifoni za simu zenye pini ya mistari mitatu hubeba sauti na maikrofoni kwa pamoja. Ukiichomeka kwenye tundu la kusikilizia tu, maikrofoni haitafanya kazi.

Kigeuzi kisichoonekana kwa lsusb kwenye kompyuta mbili tofauti, na kikanyamaza kwenye simu yenye OTG, hapo kweli kimekufa. Ukienda kununua kingine, beba simu yako na hedifoni zako, ukijaribu palepale dukani kabla ya kutoa pesa. Ukipata na kompyuta ya Linux hapo, kipime kwa lsusb pia.