Kilo za Bondia na Jicho la Refa

Kuna ubishi usiokwisha barazani: je, Rocky Marciano au Muhammad Ali, Allah amrehemu, angefua dafu mbele ya majitu ya leo kama Tyson Fury? Wazee huwatetea wa zamani, vijana hucheka na kutaja kilo. Mimi naona pande zote mbili humsahau mtu wa tatu aliye ulingoni, naye ni refa.

Tuanze na kilo. Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapigano yake yote 49, alikuwa na takriban kilo 84. Leo angepangwa katika daraja la kruza, ambalo mwisho wake ni kilo 90.7. Fury alipanda ulingoni Riyadh, Desemba 2024, akiwa na kilo 127. Tofauti hiyo inakaribia mfuko mzima wa saruji.

Sasa mfuko huo hufanya kazi gani? Wengi hudhani ni kutia nguvu kwenye ngumi. Lakini Jack Dempsey, mtu wa kilo 85, alimwangusha Jess Willard wa kilo 111 mara saba katika raundi ya kwanza, Julai 4, 1919, mjini Toledo, Marekani. Ngumi huanzia miguuni na kiunoni, na wepesi wake huumiza sawa na uzito wake.

Kilo huumiza zaidi mabondia wanapokumbatiana. Mkubwa humlalia mdogo shingoni na kumbebesha mwili wake. Akifanya hivyo raundi baada ya raundi, miguu ya mdogo hulegea na ngumi zake hupoteza makali. Wladimir Klitschko alimfanyia hivyo Alexander Povetkin mjini Moscow mwaka 2013. Alimkumbatia, akamsukuma na kumlalia tangu mwanzo. Refa alimkata pointi moja tu, tena katika raundi ya 11, wakati pambano lilikuwa limeshaamuliwa.

Lakini tusiseme wa zamani walikuwa malaika. Dempsey alikuwa akisimama karibu na Willard aliyeanguka, akimsubiri ainuke tu ampige tena, na refa hakumzuia. Kufikia mwaka 1927 kanuni ilimtaka bondia aende kwanza kwenye kona ya pembeni ndipo hesabu ianze. Dempsey alichelewa kwenda baada ya kumwangusha Gene Tunney, Tunney akapata sekunde za ziada, akainuka na kushinda. Kanuni moja ilibadilisha pambano zima.

Hata Ali, kipenzi chetu, alitumia ujanja huo Kinshasa mwaka 1974. Pamoja na kuegemea kamba, kila George Foreman aliposogea karibu, Ali alimshika shingo na kumvuta chini. Refa alimwacha. Foreman akachoka, akaangushwa raundi ya 8.

Kwa hivyo, swali la kuuliza si nani alikuwa na kilo nyingi. Tuulize kanuni ziliruhusu nini, na refa alifumbia macho nini. Oleksandr Usyk, aliyekuwa na kilo zipatazo 102, alimshinda Fury usiku ule wa Riyadh, na majaji wote watatu wakampa pointi 116 kwa 112. Alikuwa akipiga na kutoka pembeni, hakusimama mahali pamoja akalaliwa. Usione wembamba wa reli, garimoshi hupita juu yake.

Rai yangu ni hii: refa akate pointi mapema, raundi ya pili au ya tatu, anapomwona mkubwa akigeuza shingo ya mwenzake kuwa kiti. Onyo linalokuja mwisho wa pambano halimsaidii aliyekwisha kuchoka, na bondia aliyechoka ndiye anayepigwa ngumi zinazomharibia ubongo. Madaraja ya uzani yaliwekwa kuwalinda wadogo. Uzani mzito hauna kikomo cha juu, kwa hivyo kinga pekee aliyobaki nayo mdogo ni refa.