Ruvubu, mto unaolipa ziwa kisogo

Tukitajiwa maeneo ya ajabu duniani, akili hukimbilia mbali. Utasikia habari za Pembetatu ya Bermuda, za mawe ya Stonehenge kule Uingereza, za michoro ya Nazca katika jangwa la Peru ambayo huonekana vizuri kutoka angani, za shimo la gesi la Darvaza nchini Turkmenistan linalowaka moto kwa miongo. Picha za maeneo hayo zinazunguka kwenye simu za vijana wa Gitega na Muyinga kama zinavyozunguka kwingine kote. Ni maeneo ya kustaajabisha kweli. Lakini liko fumbo lililowakosesha wasomi usingizi kwa karibu miaka elfu mbili, na jibu lake, au walau nusu ya jibu lake, linapita chini ya daraja kwenye barabara ya Gitega, Karuzi hadi Muyinga. Abiria wengi huvuka hapo bila hata kuinua macho.

Mto huo ni Ruvubu. Ukisimama darajani hauoni maporomoko wala mapango. Maji yamebeba udongo mwekundu, hasa baada ya mvua za Aprili. Kando yake yamesimama mafunjo, na nyuma ya mafunjo kuna mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni kabisa. Vijana wanateremka mlima wakiwa juu ya baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi, miguu ikiburuzwa chini kupunguza mwendo. Ukitupa kijiti majini utakiona kikienda zake upande wa mashariki bila haraka. Ajabu yenyewe iko katika upande huo.

Angalia ramani. Ziwa Tanganyika, moja ya maziwa makubwa ya dunia, limelala upande wa magharibi, na kwa mstari ulionyooka haliko mbali. Mto wa kawaida ungeteremkia huko. Ruvubu haufanyi hivyo. Unaanzia juu kaskazini, upande wa Kayanza, unashuka kuelekea kusini kana kwamba utaendelea, unapokea mto Ruvyironza karibu na Gitega, kisha unakata kona na kupanda tena kaskazini mashariki. Unapita Karuzi, unapita Muyinga, unaingia Tanzania upande wa Ngara, na kwenye maporomoko ya Rusumo unaungana na maji yanayotoka Rwanda. Kuanzia hapo jina ni Kagera, na Kagera huingia Ziwa Victoria. Ruvyironza nao ni wa ajabu zaidi: vijito vinavyouanzisha viko Rutovu, mahali ambapo hapafiki hata kilomita 50 kutoka Ziwa Tanganyika, lakini maji yake yanaligeuzia ziwa hilo mgongo na kushika safari ya mto Nile ya zaidi ya kilomita 6,600 hadi Bahari ya Mediterania.

Kwa nini maji yaache ziwa lililo karibu yakatafute bahari iliyo ncha nyingine ya bara?

Jibu liko ndani ya ardhi yenyewe. Miaka milioni kadhaa iliyopita upande huu wa Afrika ulianza kuvutwa pande mbili, mashariki na magharibi. Ganda la dunia likakatika kwa nyufa ndefu za kaskazini na kusini, na vipande vya katikati vikatitia. Ziwa Tanganyika limejaa ndani ya vipande hivyo vilivyotitia. Kina chake kinafika mita 1,470, na kwa kuwa uso wake uko mita 770 hivi juu ya bahari, sakafu ya ziwa iko takriban mita 700 chini ya usawa wa bahari. Hilo pekee lingetosha kuliweka kwenye orodha yoyote ya maajabu. Lakini vipande vilipotitia, kingo za pembeni zilinyanyuka. Ukingo wa mashariki ndio milima ya Kibira na Mugamba, ambayo kwenye kilele cha Heha inapita mita 2,600. Burundi yote ya kati ikabaki kama mkeka ulioinuliwa upande mmoja: maji yakimwagwa juu yake hukimbilia upande wa chini, hata kama ukingo ulioinuliwa ndio ulio karibu zaidi.

Ndiyo maana mito ya Burundi ina tabia mbili zisizofanana hata kidogo. Ile ya magharibi ni mifupi na yenye hasira. Inaporomoka zaidi ya mita elfu moja ndani ya kilomita chache, na wakazi wa Bujumbura wanaujua vyema mto Ntahangwa unavyobomoa kingo na nyumba mvua zikizidi. Ile ya mashariki hujikunja, hutulia kwenye mabonde ya mafunjo, husafiri taratibu. Kati yao kuna mgongo wa milima unaogawa maji ya bara zima. Matone mawili ya mvua yanaweza kuanguka juu ya paa moja la nyumba iliyojengwa mgongoni hapo. Moja litashuka hadi Ziwa Tanganyika, litoke kwa mto Lukuga pale Kalemie, liingie mto Kongo na kufika Bahari ya Atlantiki. La pili litashika njia ya Ruvubu kuelekea Misri. Mimi sijui mahali pa ajabu kupita paa hilo.

Sasa turudi kwa wasomi waliokosa usingizi. Wagiriki wa kale walijua Nile inavyofurika Misri kila mwaka wakati wa kiangazi kikali, na hawakuelewa maji yanatoka wapi. Ptolemaio wa Aleksandria, katika karne ya 2, aliandika juu ya maziwa yaliyo ndani ya bara na Milima ya Mwezi inayoyalisha, habari ambayo ilitokana na masimulizi ya wafanyabiashara waliofika pwani yetu, kwenye bandari iliyoitwa Rhapta. Baada yake wachoraji ramani walinakili milima hiyo kizazi baada ya kizazi bila mmoja wao kuiona.

Mwaka 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, wakiwa na msafara wa watu wa pwani, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, ambaye bila yeye sehemu kubwa ya safari hizo isingefika popote. Burton alitumaini kwamba mto Rusizi, kwenye ncha ya kaskazini ya Tanganyika, unatoka ziwani na kuelekea Nile. Walipiga kasia hadi Uvira, na wenyeji wakawaambia Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Novemba 1871 wapelelezi wengine, Livingstone na Stanley, walikwenda kuhakikisha kwa macho yao, wakakuta wenyeji walisema kweli. Jiwe lenye tarehe ya safari hiyo bado liko Mugere, kusini mwa Bujumbura, na wageni hulitembelea. Hata Lukuga ulizua ubishi: mpelelezi Cameron aliufikia 1874 na kudai ndio mlango wa ziwa, Stanley akaja 1876 akakuta umezibwa na matope na mafunjo na maji hayaendi. Mwaka 1878 kizuizi kikavunjika na mto ukaanza kutiririka kwa nguvu. Wote wawili walikuwa wameona kitu cha kweli.

Kumbe wakati huo wote maji yaliyokuwa yakitafutwa yalikuwa upande wa pili wa milima waliyokuwa wakiitazama kutoka majini. Kwa nini hakuna aliyepanda kuangalia? Hapa historia ya Gitega inaingia, na ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alishike. Fumbo la Nile halikufichwa na msitu wala na mazimwi. Lilikuwa ndani ya ufalme uliokuwa umefunga milango yake. Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu miaka ya 1850 hadi alipofariki 1908, hakuruhusu misafara ya watumwa na pembe kuingia nchini. Rumaliza, mfanyabiashara mwenye nguvu aliyekuwa Ujiji na aliyetikisa pande zote za ziwa, alijaribu kuingia Burundi akarudishwa nyuma. Njia za biashara za Waswahili, ambazo ndizo Wazungu walizifuata karibu kila walikokwenda, zilizunguka nchi hii. Kwenye ramani za Ulaya pakabaki peupe.

Anayetaka kuelewa nguvu ya ufalme huo aende Gishora, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Gitega. Mwezi Gisabo alipaanzisha baada ya kumshinda chifu mwasi Ntibirangwa, na hadi leo familia za watunza ngoma ziko hapo pamoja na ngoma mbili za heshima, Ruciteme na Murimirwa. Wapigaji huingia uwanjani wakiwa wamebeba ngoma kichwani huku wakizipiga, ngoma nzito zilizochongwa kwenye shina zima la mti, na mlio wake husikika kifuani kabla ya sikioni. Ngoma ya kifalme, Karyenda, haikuwa ya kuonwa ovyo; ilitolewa wakati wa umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mgeni wa karne ya 19 aliyesikia habari za ngoma hizo ng'ambo ya mpaka alijua kwamba nchi ina mwenyewe.

Aliyepenya ni Oscar Baumann, Mwaustria aliyeondoka Tanga Januari 1892 na msafara mkubwa. Septemba mwaka huo alivuka na kuingia Burundi. Jambo la kushangaza ni kwamba umati wa watu ulimpokea kwa nyimbo na kumwita Mwezi, kana kwamba ni mfalme wa ukoo wa zamani aliyerejea. Aliufuata Ruvubu hadi juu kwenye milima, akatangaza kwamba amefika chanzo cha Nile na kwamba Milima ya Mwezi ya Ptolemaio ndiyo hii. Hoja yake haikuwa dhaifu: Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na Ruvubu ni tawi lake kubwa.

Miaka sita baadaye, 1898, Mjerumani Richard Kandt alilinganisha matawi ya Kagera, akaona Nyabarongo wa Rwanda una maji mengi zaidi, akaufuata hadi chemchemi ya Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Kisha miaka ya 1930 akaja Burkhart Waldecker, akachagua kipimo kingine kabisa: chemchemi iliyo kusini kuliko zote. Hiyo iko kwenye kilima cha Gikizi, Rutovu, na mwaka 1938 ilijengwa hapo piramidi ndogo ya mawe yenye maneno ya Kilatini. Chini ya kilima maji yanatoka kwenye bomba dogo, kidogo kidogo. Unaweza kuyakinga kwa viganja viwili. Nani yuko sahihi? Ukipima kwa wingi wa maji au urefu wa njia, Rwanda ina hoja nzito. Ukipima kwa kusini, Burundi haina mpinzani. Mimi naona ni haki kabisa watu wa Rutovu waitunze piramidi yao, mradi wageni waelezwe kipimo kilichotumika.

Lakini ardhi yenyewe ina jambo zito kuliko ubishi huo. Mwishoni mwa zama za barafu, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, mvua zilipungua sana na Ziwa Victoria likakauka. Si ajabu likikauka: ni pana mno, karibu kilomita za mraba 69,000, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Lilipokauka, hakuna maji yaliyotoka Jinja, mlango wa ziwa kuelekea Nile. Ina maana Ruvubu ulikuwepo, Rukarara ulikuwepo, na hakuna hata mmoja uliokuwa chanzo cha Nile. Mvua ziliporudi ziwa likajaa, likafurika Jinja, na ndipo maji ya milima yetu yakapata tena njia ya kwenda Misri.

Hata leo njia hiyo ni nyembamba. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa vilevile hupaa kuwa mvuke. Tone lililopita Gitega likinusurika hapo, linakutana na mabwawa ya Sudd huko Sudan Kusini, ambako karibu nusu ya maji ya Nile Nyeupe hupotelea hewani. Maji yanayofika Aswan hutoka zaidi kwenye nyanda za juu za Ethiopia, asilimia 85 hivi. Matone ya Ruvubu yanayofika Misri ni machache mno kati ya yale yanayoondoka kwetu.

Yanayobaki yanafanya kazi hapa hapa. Upande wa Muyinga na Karuzi, hadi Cankuzo na Ruyigi, mto unapita katika Mbuga ya Taifa ya Ruvubu, kubwa kuliko zote nchini, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 500 na iliyotengwa mwaka 1980. Humo kuna viboko, mamba, nyati na mamia ya aina za ndege. Ukitoka kwenye mashamba yaliyobanana ya Karuzi ukaingia mbugani, mabadiliko ni ya ghafla: nyasi ndefu hadi kifuani, msitu mwembamba ukiufuata mto kila kona, na kimya ambacho ni nadra katika nchi yenye watu wengi kama hii. Ndivyo bonde lote lilivyokuwa kabla ya jembe. Udongo mwekundu unaouona pale darajani ni mashamba ya mlimani yanayoondoka kila msimu, na kila ekari ya mafunjo inayong'olewa juu huufanya mto uchafuke zaidi chini.

Na pale Rusumo, ambako Ruvubu hukutana na mto utokao Rwanda, sasa kuna kituo cha umeme cha megawati 80 kinachomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania. Mgawo wa Burundi husafirishwa kwa nyaya za kilovolti 220 kutoka Rusumo, kupitia Muyinga, hadi Gitega.